Pikapu ya zamani isiyovuta: je, kosa ni la pampu?

SWALI: Nina pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli yenye injini ya 3L, ninayoitumia kubebea mahindi kutoka Kibaigwa hadi Dodoma mjini na mara nyingine kufuata viazi Iringa. Kwa miezi kadhaa sasa gari halivuti. Asubuhi linaondoka vizuri, kisha nguvu inapungua polepole. Nikikanyaga mafuta hadi mwisho halichangamki, na milima ya Nyang'oro niliyokuwa nikiipanda kwa gia ya tatu sasa naipanda kwa ya pili. Nikizima na kupumzika pembeni kwa muda nguvu hurudi, halafu hupotea tena. Halitoi moshi mweusi wala halichemshi. Fundi wangu anasema pampu ya dizeli imekufa na nijiandae kununua nyingine. Naomba ushauri kabla sijauza mbuzi. (Msomaji, Kibaigwa)

JIBU: Ndugu msomaji, naomba mbuzi wako wabaki zizini kwanza. Katika maelezo yako kuna dalili mbili ambazo fundi wako hakupaswa kuzipita haraka, nazo ni kukosekana kwa moshi mweusi na nguvu kurudi baada ya kupumzika. Injini ya dizeli hupata nguvu kwa kadiri ya dizeli inayoingia kwenye silinda na kuungua. Dizeli ikizidi hewa iliyopo, au nozeli, yaani vinyunyizio vya dizeli kwenye silinda, zikiwa zinadondosha badala ya kunyunyiza, moshi mweusi hutoka. Injini inayolegea huku pedali ikiwa chini kabisa na moshi mweusi hauonekani, kwa kawaida ina njaa ya dizeli, na kazi yetu ni kutafuta dizeli hiyo inakwamia wapi kati ya tanki na nozeli. Pampu ni kituo kimojawapo tu katika njia hiyo, tena ndicho cha gharama kubwa zaidi, kwa hiyo kinapaswa kuchunguzwa mwisho.

Kabla ya kugusa mfumo wa dizeli, ondoa mashaka ya mambo machache yasiyo na gharama. Mwambie mtu akanyage pedali ya mafuta hadi sakafuni wakati injini imezimwa, nawe ukiwa umefungua boneti utazame mkono wa pampu unaovutwa na kebo. Mkono huo unapaswa kufika hadi ugote kwenye skrubu ya mwisho. Ukiishia njiani, kebo imelegea au kapeti limejikunja chini ya pedali, na hapo umeshapata sehemu ya jibu kwa kukaza nati mbili. Skrubu yenyewe, hasa ikiwa bado ina waya na lakiri, isiguswe.

Kisha simamisha gari tupu mahali tambarare, weka gia huru, achia breki ya mkono na mlisukume watu wawili. Likigoma, au baada ya safari rimu moja ikawa ya moto kuliko nyingine, breki inabana, na kwenye pikapu hizi mara nyingi ni kebo ya breki ya mkono iliyoshikwa na matope yaliyokauka. Klachi nayo hupimwa kwa sikio: ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa wastani, kanyaga mafuta yote, injini ikipiga kelele zaidi wakati mwendo hauongezeki, klachi inateleza.

Tukirudi kwenye dizeli, badilisha chujio kwanza, kwa kuwa bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na pampu, na chini yake fungua kizibo cha kutolea maji ili ukinge kinachotoka kwa chupa inayoonyesha ndani. Iache chupa itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na uchafu utauona kwa macho. Anayenunua dizeli ya madumu na mapipa barabarani asishangae akikuta maji mengi.

Kama chujio jipya halikuleta nafuu, fanya kipimo ninachokiamini kuliko vyote kwa tatizo kama lako. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, lifunge imara kwa kamba kwenye bodi nyuma ya kebini, mbali na eksozi, kisha peleka mpira mmoja kutoka ndani ya dumu hadi kwenye mlango wa chujio, na mpira wa kurudishia dizeli nao uingie kwenye dumu hilohilo. Toa hewa kwa pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, washa, kisha endesha umbali uleule ambao kwa kawaida gari huanza kulegea. Likiendelea kuvuta bila kulegea, pampu haina kosa lolote, na ubaya uko kwenye tanki au kwenye mabomba yanayotoka huko.

Nina sababu ya kulishuku tanki. Pampu ya injini hii huvuta dizeli yenyewe, na uchafu uliotulia chini ya tanki, iwe kutu, nyuzi za matambara au vipande vya plastiki, huvutwa taratibu hadi ukaziba mdomo wa bomba la kufyonzea. Injini ikizimwa mvuto unakoma, uchafu unaanguka, na ukiwasha tena gari linakuwa zima kwa muda. Ni mwenendo uleule ulioueleza. Pampu iliyochakaa huwa na tabia nyingine: huzidi kuwa dhaifu ikishapata moto, na injini huwa ngumu kuwaka tena ikizimwa ikiwa bado ya moto. Lishushe tanki, limwage lote, ulioshe na ukague chujio dogo lililo ndani kwenye ncha ya bomba. Siku gari likilegea njiani, jaribu pia kufungua kifuniko cha tanki; ukisikia hewa ikiingia kwa mvumo na gari likachangamka, tundu la kupumulia limeziba.

Kuna kosa jingine ambalo huwapotosha hata mafundi wazoefu. Mabomba yaliyo kati ya tanki na pampu yamo kwenye mvuto, kwa hiyo mpira uliopasuka hapo huweza usidondoshe hata tone moja la dizeli, unaingiza hewa. Fundi anapita na tochi, anakuta pakavu, anasema pazima. Weka kipande kifupi cha mpira unaoonyesha ndani kati ya chujio na pampu, uwashe injini na utazame. Ukiona viputo vikipita mfululizo, badilisha mipira yote na klipu zake, na usiisahau hiyo pampu ya mkono, maana utando wake wa mpira ukichanika huvuta hewa.

Upande wa hewa sitakaa sana kwa kuwa moshi haupo, ila kwa vumbi la Kongwa wakati wa kiangazi eya klina lazima ikaguliwe mara kwa mara. Pitisha kidole ndani ya bomba lililo baada ya chujio la hewa. Vumbi likionekana hapo linakwenda kula ringi na silinda. Kuhusu mwinuko, Dodoma iko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi kuliko ya pwani, hivyo injini yako ya lita 2.8 (3L ni jina lake tu, si ujazo) isiyo na turbo haiwezi kuvuta hapa kama Dar es Salaam. Lakini mwinuko haubadiliki mwezi hadi mwezi, nawe unasema gari limebadilika. Mzigo nao uuangalie kwa haki: magunia 10 ya kilo 100 ni tani nzima, na yakiwa lumbesa umeshapita uwezo wa gari hili.

Swali moja umwulize fundi wako: je, taimingi belti ilibadilishwa karibu na wakati tatizo lilipoanza? Belti hiyo ndiyo inayozungusha pampu, na ikifungwa kwa kuruka jino moja injini hulegea na huwa ngumu kuwaka asubuhi, mara nyingi kwa moshi mweupe.

Ikiwa dumu limejaribiwa, mpira wa kuonyesha ndani hauna viputo, belti iko kwenye alama zake na gari bado halivuti, hapo pampu na nozeli zifunguliwe pamoja na zipelekwe kwenye gereji yenye benchi la kupimia. Omba upewe vipimo vya kila silinda kabla ya kukubali kulipia pampu nyingine, na usiruhusu ifunguliwe uani kwenye vumbi, kwa sababu sehemu zake za ndani huharibiwa na punje ndogo isiyoonekana kwa macho.