Kumfuata Shangazi Kwake Baada ya Miaka ya WhatsApp

Unajua shangazi yako alipika nini Idi iliyopita, kwa sababu mjukuu wake aliweka picha kwenye status. Unajua goti linamsumbua, maana lilitajwa kwenye grupu la ukoo. Miaka sita hujakanyaga kwake, lakini una hakika mnajuana vizuri. Hapo ndipo safari nyingi za namna hii huharibikia: mgeni anafika akidhani anaendeleza mazungumzo ya jana, mwenyeji anamwona mtu aliyepotea.

Tuseme unaishi Dar es Salaam, naye yuko kijijini Lushoto. Kwa mjomba, kaka au dada mambo ni yaleyale, kitakachobadilika ni njia na mzigo.

Anza kwa kupiga simu. Ujumbe usiutegemee, kwa sababu wazee wengi hutumia WhatsApp iliyo kwenye simu ya mjukuu. Ulichoandika kinasomwa kwanza na kijana ambaye atakifikisha anavyotaka yeye, au atasahau. Zile tiki mbili za bluu zilizokuumiza mwaka jana huenda hazikuwa za shangazi hata kidogo. Piga jioni, wiki mbili au tatu kabla ya safari, umtajie siku ya kufika, siku ya kuondoka na idadi yenu. Mgeni asiyesema anaondoka lini humfanya mwenyeji apige hesabu ya unga kila usiku.

Kwenye grupu usitangaze. Ukitangaza, huyu atataka apitiwe, yule atatuma mzigo, na aliyekosana na shangazi ataanza kuuliza mnakwenda kuzungumza nini. Kama shangazi mwenyewe alilefti kwa ugomvi, usimrudishe kimyakimya, atalefti tena na safari hii kwa hasira zaidi. Tafuta ndugu mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, apige simu kabla yako aseme tu kwamba unataka kuja.

Desemba iache. Nyumba inajaa, kila mtu amerudi, na hamtapata hata saa moja ya kukaa wawili. Januari nayo ina ada za shule, kwa hiyo maneno yote yataelekea huko. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za vijijini milimani huteleza. Julai au Agosti panakuwa pakavu, ila ni baridi, kwa hiyo beba sweta. Basi linapita Chalinze, Segera na Mombo, kisha linapanda kilomita zipatazo 33 za kona hadi Lushoto mjini. Ondoka alfajiri ufike kukiwa bado na mwanga. Ukifika usiku, watu wanalazimika kuwasha moto upya na kukimbizana na kuku gizani, na mapokezi yanageuka adha.

Sasa jambo zito kuliko yote. Mara nyingi kinachowatenganisha ndugu wa damu si ukimya. Ni msiba ambao hukwenda. Mume wake alifariki, wewe ukaandika "pole sana" kwenye grupu, ukatuma mchango kwa simu, ukaona umemaliza. Yeye hakumbuki kiasi ulichotuma, anakumbuka nani alikaa mkekani. Kwa hiyo safari yako, hata kama imepita miaka mitatu, ni ya kuhani kwanza na ya matembezi baadaye. Ukishamwamkia shikamoo na kukaa, kabla zawadi hazijafunguliwa, mwambie: "Shangazi, nimekuja kukupa pole. Sikufika wakati ule, nisamehe." Ishie hapo. Usieleze habari za bosi, likizo wala nauli, kwa sababu kila sababu unayoitoa inamlazimisha aipime kama ilitosha. Akilia, mwache alie. Akikulaumu, sikiliza hadi amalize. Kisha omba upelekwe kaburini siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Rambirambi iwe kwenye bahasha yake peke yake, usiichanganye na fedha nyingine utakazompa.

Mzigo uwe wa vitu vinavyonunuliwa dukani: sukari kilo 5, mchele kilo 10, mafuta ya kupikia lita 5, miche ya sabuni, majani ya chai na doti moja ya khanga (soma maandishi yake kabla ya kununua, maana khanga inasema na yeye ataisoma). Mboga na matunda usibebe kupeleka Lushoto, ndiko yanakotoka. Badala yake weka kiroba kitupu kwenye begi, kwa sababu utarudishwa na ndizi, maparachichi, pengine na matunda damu. Kuyakataa kwa kisingizio cha uzito ni kumwambia kwamba chake hakina thamani kwako.

Chapisha pia picha kumi hivi kwenye karatasi, za watoto wako na za zamani kama unazo. Picha ya kwenye simu hupita baada ya sekunde mbili, ila ya karatasi itazunguka kwa majirani na kubaki ukutani. Nyuma ya kila moja andika jina na mwaka.

Simu yako ikae begini, si mezani ikiwa imefunikwa. Mzee akiona unaigusa hukatisha alichokuwa anasema, na hatakirudia. Picha za pamoja pigeni siku ya kuondoka, na uulize kabla ya kuziweka popote. Nyumba yenye ufa au jiko la mafiga si mapambo ya status yako.

Usiku mbili zinatosha kwa mara ya kwanza. Usiku wa kwanza ni wa uchovu na salamu, wa pili ndio wa maneno. Habari za shamba la urithi zikianzishwa, sikiliza bila kuahidi kitu wala kuchukua upande, useme utakuja kukaa na wazee wote. Fedha ya kumwachia mpe mkononi, mkiwa wawili, na isizidi kile unachoweza kurudia. Kiasi cha kwanza ndicho kitakachokuwa kipimo.

Siku ya kuondoka usiite bodaboda ije hadi mlangoni. Mwambie dereva asubiri barabarani na mzigo utangulie, kisha tembea taratibu na shangazi akikusindikiza, kwa kadiri goti lake linavyoruhusu. Kwenye kale kanjia, mkiwa hamtazamani usoni, ndipo atasema lile alilolinyamazia siku zote mbili.