Mrusi akisema "ment" anamaanisha nini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mdogo wangu anasoma Moscow, juzi kwenye simu akaniambia kule polisi wanaitwa "ment", nikamuuliza maana yake akasema hata wenzake Warusi hawajui vizuri, wengine wanasema ni kifupi cha milisia, lile jina la zamani la polisi wao. Ni kweli? Na ni tusi au jina tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Salama ndugu yetu. Hiyo ya kifupi cha milisia ifute, maana ment lilikuwa midomoni mwa wafungwa wa Urusi enzi za mfalme, na milisia yenyewe imekuja na mapinduzi ya 1917, sasa mtoto atamzaa vipi baba yake? Alafu hata sio la Kirusi kwa asili. Maelezo ambayo wengi wanayakubali ni kwamba linatokana na neno la Kihungaria, mente, lile joho fupi la manyoya walilokuwa wanatupia begani askari farasi wao. Wezi wa Poland wakalichukua wakawa wanamwita hivyo askari na mlinzi wa jela, yani jamaa anaitwa kwa koti lake, na kwa vile Warszawa enzi hizo ilikuwa chini ya mfalme wa Urusi, wezi wa pande zote mbili wanakutana selo moja, wanabadilishana maneno kama wanavyobadilishana sigara, ndo likahamia Urusi jumla. Koti limesahaulika, jina limebaki.

Kuhusu tusi, lina dharau lakini limepoa. Miaka ya tisini kulikuwa na tamthilia ya polisi wa St. Petersburg, ilivuma sana, watu waliiita Menty tu na hakuna aliyeshtuka. Lichukulie kama njagu ya hapa kwetu au karao ya Kenya, mkiwa wenyewe kijiweni sawa, usoni kwa mwenye pingu usijaribu. Lile baya kweli ni "musor", maana yake takataka.

Kwahiyo dogo akisimamishwa barabarani aseme "politseyskiy", ndo jina rasmi tangu Machi 2011 milisia ilipobadilishwa kuwa politsiya. Na hilo halitampa shida kulikumbuka, maana politsiya na polisi yetu ni ndugu wa damu, babu yao ni polis ya Kigiriki, yani mji.