Sikurudi Kuangalia Pasi

Ujumbe wa dada mmoja wa Makambako ulinikuta ndani ya daladala, tumeshapita Sae, nimeshika chuma cha kiti cha mbele kwa mikono miwili ili nisimwambie konda anishushe. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, saa mbili kasoro usiku. Nilikuwa nimefunga ofisi yangu ya kushona Mwanjelwa, hapa Mbeya, nimefunga mara moja tu, nikaondoka bila kugeuka. Kichwa kizima kilikuwa kinaniambia pasi inawaka.

Nafupisha alichoandika. Kila usiku anarudi mlangoni mara saba. Ananawa mikono mpaka ngozi inapasuka kwa baridi hii ya kwetu. Mchumba wake ameanza kuulizia ukoo wao kama kuna mapepo. Akamalizia: "Dada, wewe ulifanyaje ukaacha kuwaza?"

Sikuacha kuwaza, mdogo wangu. Naanzia hapo kwa sababu nilipoteza karibu miaka minne nikitafuta dawa ya kuacha kuwaza, na dawa hiyo haipo.

Mimi ni fundi cherehani. Nilianza na cherehani moja ya kukanyaga kwenye kibaraza cha watu, leo ninazo nne na wasichana watatu wanashona chini yangu. Najua wengi mnaonisoma mnataka hicho hicho: ofisi yako, jina lako ukutani, wateja wanaokutafuta wenyewe. Ndiyo maana nasimulia kwa urefu. Ugonjwa huu wa wazo lisilotoka na kurudia-rudia, kwa kifupi OCD, unakula saa za kazi kuliko mwizi yeyote, na unazila ukiwa unajiona mtu makini.

Sisi wa Mwanjelwa moto hatuujui kwa kusimuliwa. Soko liliungua 2006, na soko la Sido likaungua Agosti 2017. Usiku ule wa 2017 nilikuwa bado nashona kwa fundi mwingine, nikaona watu wazima wamekaa chini barabarani, wanatazama mitaji yao inavyopaa na moshi. Kwa hiyo nilipopata ofisi yangu na kuanza kurudi kuangalia kama nimezima pasi, kila mtu alinisifu. Mwenye nyumba aliwaambia wapangaji wengine waige kwangu. Na sababu ilikuwepo kweli: umeme unakatika ukiwa katikati ya kupiga pasi, unasahau, unafunga, umeme unarudi usiku hakuna mtu. Hofu yangu haikuzuka hewani. Ugonjwa huu hauhitaji kutunga kitu, unachukua jambo lililopo na kukataa kuliachia.

Mwaka 2019 nilikuwa naangalia mara moja. Kufikia mwanzoni mwa 2021 kufunga ofisi kulinichukua dakika hamsini. Nachomoa waya. Nagusa chini ya pasi kwa mgongo wa mkono. Naangalia soketi, nahesabu hadi nne, natamka kwa sauti "imezimwa". Nazima meni swichi. Nafunga, navuta kufuli mara nne. Mtu akinisalimia katikati, naanza upya. Nikaona nitumie akili, nikawa napiga picha soketi kabla ya kuondoka. Siku nilipokuja kuzihesabu, zilikuwa 640 kwenye simu. Nikiwa njiani nafungua picha, halafu najiuliza, hii ni ya leo au ya jana? Nikaanza kuweka karatasi yenye tarehe pembeni ya soketi. Wiki haikuisha nikawa najiuliza kama tarehe niliiandika sawasawa.

Nikifika nyumbani Uyole namuuliza mume wangu, "Mimi ni mtu wa kusahau?" Anasema hapana. Dakika kumi, namuuliza tena. Mlinzi wa kibaraza chetu, mzee wa watu, nilikuwa nampigia saa sita usiku anisikilizie harufu mlangoni. Kuna usiku nilikodi bajaji kwa elfu tano kurudi mwenyewe, mvua inanyesha, nikiwa na mimba ya miezi saba. Pasi ilikuwa imezimwa. Ilikuwa imezimwa kila siku ya miaka ile.

Sasa naandika jambo ambalo mpaka mwaka jana nisingeweza kuliandika.

Mwanangu alipofika miezi minne nilirudi kazini naye. Siku moja nakata kitambaa, yeye amelala kwenye kapu pembeni ya meza. Likaja wazo, ghafla, kama mtu amelisukuma ndani: huu mkasi unaweza kumchoma. Sikuwa na hasira, sikuwa nimechoka kuliko kawaida, na nilimpenda mtoto yule mpaka nikawa naamka kusikiliza pumzi zake. Nikadondosha mkasi. Nikatoka nje, nikatapika.

Kuanzia hapo mkasi nikaufungia kabatini. Halafu visu vya jikoni. Halafu nikaacha kumwogesha, maana beseni nalo lina maji. Nikikaa naye peke yangu nilikuwa nakalia viganja vyangu. Mama anayesoma hapa na limewahi kumpata, anajua ninachosema, na najua hajamwambia mtu.

Mimi nilimwambia mtu. Nilimwendea kiongozi mmoja wa maombi, nikamweleza kwa machozi, nikamsihi abaki nalo. Jumapili iliyofuata nilipoingia kanisani, wanawake waliacha kuongea. Jumanne wakaja mama mkwe na wifi kutoka Tukuyu, wakamchukua mtoto. Siku kumi na tisa. Maziwa yalinijaa kifuani nikawa nayakamua kwenye kikombe na kumwaga. Nilifungishwa, nikakemewa, nikashikwa kichwa na watu watano. Nilishindana na wazo lile usiku na mchana, na kadiri nilivyolikemea ndivyo lilivyorudi. Mama mkwe nimemsamehe, aliogopa kwa mjukuu wake, hata mimi ningeogopa. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia pole, na yule niliyemwamini kwa siri yangu bado ananipa mkono mlangoni kama hakijatokea kitu. Linaniuma hadi leo.

Aliyenitoa ni jirani yangu wa vitenge, Mwislamu. Alinikuta nalia nyuma ya duka, sikumficha. Akanisimulia kaka yake, aliyekuwa anarudia udhu mpaka swala inampita, anaona kila mara hajafika kwenye kiwiko. Shehe alimwambia: tawadha mara moja, nenda kaswali, hata moyo ukisema hujatawadha. Usirudie. "Wenyewe tunauita wasiwasi," akasema, "na ukiujibu unakaa." Kisha akanipeleka mwenyewe kliniki ya afya ya akili, hospitali ya rufaa hapa Mbeya. Kabla ya hapo nilishapita zahanati moja nikapewa dawa za vidonda vya tumbo.

Kliniki niliulizwa swali moja ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza. "Wazo hilo likija, linakuvutia au linakutisha?" Nikasema linanitisha mpaka natapika. Muuguzi akaniambia ugonjwa huu una jina, kwa kifupi wanauita OCD, na pasi na mkasi ni ugonjwa mmoja. Kuna wazo au picha inayojiingiza bila kuitaka. Inaleta hofu. Unafanya kitu kuishusha hofu: unaangalia, unanawa, unahesabu, unauliza, unakemea, unaficha visu. Hofu inashuka kidogo. Ubongo unajifunza kwamba umenusurika kwa sababu uliangalia, kwa hiyo kesho unadai uangalie tena, na zaidi.

Akaniambia pia kuhusu watafiti wawili wa Uingereza, Rachman na de Silva, ambao mwaka 1978 waliandika kwamba walipowauliza watu wasio na ugonjwa wowote, takribani wanane kati ya kumi walikiri kupitiwa na mawazo mabaya wasiyoyataka, yakiwemo ya kumdhuru mtu. Wanane kati ya kumi! Wale walionishika kichwa walikuwa watano. Tofauti yangu na wao haikuwa wazo. Kwao lilipita, mimi nililikamata shati na kulihoji.

Nilijaza kipimo chenye maswali kumi, alama zake ni kuanzia 0 hadi 40. Nilipata 29, ambayo ni hali kali.

Daktari alinianzishia dawa iitwayo fluoksetini. Wiki mbili za kwanza nilihisi kichefuchefu na mwili kutetemeka, nusura niache. Alikuwa amenionya kwamba kwa ugonjwa huu dawa inaweza kuchukua wiki nane hadi kumi na mbili kuonyesha kazi yake, na kwamba nisiikatishe ghafla hata nikijisikia vizuri. Nilivumilia. Wiki ya tisa niliona mawazo bado yapo ila sauti yake imepungua, kama redio ya jirani.

Dawa ilinipa nguvu ya kufanya ile kazi nyingine. Kazi hiyo mwanasaikolojia mmoja aitwaye Victor Meyer aliionyesha London mwaka 1966: unamsogeza mgonjwa karibu na kile anachokiogopa, kisha anazuiwa kufanya kile anachofanya kujituliza. Unapanga ngazi, unaanza na iliyo nyepesi. Yangu ya kwanza ilikuwa kuvuta kufuli mara mbili badala ya nne. Ya pili kufuta zile picha. Nilizifuta mbele ya muuguzi, mkono unatetemeka, nikalia kama nimefiwa. Ukipanda ngazi unakaa na hofu. Hukimbii, husali haraka haraka, humpigii mlinzi. Inapanda, unaona utakufa, halafu inashuka yenyewe. Mara ya kwanza ilinichukua saa moja na robo.

Mkasi ulikuja mwishoni. Kwanza ukae mezani mtoto akiwa chumba kingine. Halafu chumba kile kile. Halafu nikakata kitambaa amekaa mbele yangu anachezea vifungo. Wazo lilikuja, nikaliacha lisimame pale, nikaendelea kukata suruali ya mteja. Suruali ilitoka vizuri.

Miezi iliyofuata siisimulii, ni mazoezi yale yale. Mwezi wa tano mwaka huu nilijaza tena kile kipimo, nikapata 11. Nilitoka pale nikiwa nimenyoosha shingo, na sioni aibu kusema hivyo.

Kwa hiyo dada wa Makambako, na wengine wote: acheni kuhakikisha. Ushauri wangu karibu wote ni huo. Ukisikia "rudi uangalie mara ya mwisho", ujue hakuna mara ya mwisho, ipo inayofuata. Usirudi. Usimuulize mchumba wako kama mikono ni safi, na yeye umwombe asikujibu. Mume wangu hili lilimshinda kwanza, aliona ni ukatili kuninyima neno moja la kunituliza. Muuguzi akamweleza kwamba kila "umezima" anayonipa ni tonge la ugonjwa. Sasa nikiteleza nikamuuliza, anasema, "Sijui, mama. Labda." Nilimchukia kwa neno hilo wiki nzima. Leo ndilo ninalolitegemea, kwa sababu hicho ndicho tunachokikataa sisi wenye ugonjwa huu: labda. Jifunzeni kukaa na labda. Usihakikishe. Ukishindwa leo, kesho usihakikishe tena.

Maombi sijayaacha. Naomba mara moja, kwa maneno yangu, nikisema amina nimemaliza. Zamani nilikuwa naanza upya nikihisi sikumaanisha, na ile haikuwa imani, ilikuwa kufuli lingine la kuvuta. Na nyinyi viongozi wa maombi, nawaheshimu, lakini mama akija kwenu anatetemeka kwa wazo linalomtisha, msimpokonye mtoto. Mwombeeni, kisha mshikeni mkono mpaka kliniki. Na siri yake ife nanyi. Mnaweza kufanya yote mawili, hamkatazwi.

Wewe unayeona kufa ni nafuu, au unayesikia sauti zinazokuamuru, usijaribu ngazi hizi peke yako nyumbani. Nenda hospitali leo, na mtu unayemwamini. Ukifika mapokezi sema tu unataka kitengo cha afya ya akili. Mimi nilisimama pale robo saa nikiogopa jirani atanisikia. Hakuna aliyegeuka.

Ile Jumamosi daladala lilipita Nane Nane. Kichwa kikanionyesha moto, kikanionyesha nguo za harusi ya watu zikiungua, kikanikumbusha 2017. Nikasema kimoyomoyo, labda. Nikashuka Uyole, nikanunua ndizi za kuchoma, nikaenda nyumbani. Usiku niliamka mara mbili, nikageukia ukuta. Jumapili sikwenda Mwanjelwa wala sikumpigia mlinzi.

Jumatatu nilifungua ofisi saa mbili. Nikafagia, nikapaka cherehani mafuta, nikawapangia wasichana kazi. Mteja wa kwanza alileta gauni la kupunguza kiuno, tukapatana bei. Pasi niliifikia saa nne, nilipoihitaji.