Nairobi hadi New York: Kilomita, Saa na Tiketi Zisizosomwa

Kutoka Nairobi hadi New York kwa ndege ni kilomita ngapi?

Takriban 11,800. Nimelijibu swali hili zaidi ya mara moja, na miji hiyo haijahama.

Tiketi yangu ya Julai inaonyesha naondoka Nairobi 23:00 na kufika 07:00. Kurudi, naondoka 12:00 na kufika kesho yake 09:00. Inakuwaje kwenda ni saa 8 na kurudi 21?

Tiketi haisemi hivyo. Saa ya kuondoka ni ya mji unaoondokea, na ya kufika ni ya mji unaotua. Mwezi Julai New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa 7, na kuanzia Novemba kwa saa 8, kwa sababu Wamarekani hurudisha saa zao nyuma ilhali sisi hatugusi zetu. Unaposhuka New York saa moja asubuhi, mama yako Nairobi ameshaosha vyombo vya chakula cha mchana, kwani kwake ni saa nane. Basi kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14, na tofauti hiyo huletwa na upepo mkali wa angani unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya Atlantiki, ambao ukienda unakupinga na ukirudi unakusukuma. Aliyeahidi kuingia kwenye usaili asubuhi hiyohiyo ya kufika ajue kwamba mwili wake utakuwa bado unafuata saa za Nairobi.

Kwenye skrini niliona ndege ikipita Algeria na Morocco. Kwa nini isinyooke kupitia Nigeria na Senegal?

Ilikuwa imenyooka. Vuta uzi juu ya tufe la darasani kati ya miji hiyo miwili, nao utapita Chad, Algeria na Morocco, kisha karibu na visiwa vya Azores. Mstari wa rula kwenye ramani ya ukutani ndio mrefu zaidi.

Je, kuna ndege ya moja kwa moja kutoka Dar es Salaam?

Hakuna. Utaunganisha Nairobi, Addis Ababa, Doha au kwingineko. Usinunue tiketi mbili mbalimbali kwa kufuata unafuu wa bei: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri, na mzigo huenda ukalazimika kuuchukua na kuukabidhi upya mwenyewe, pengine kwa viza ya nchi uliyokusudia kupita tu.

Ndege yangu ni ya tarehe 15, saa 00:10. Nifike uwanjani tarehe 15 jioni?

Ukifika jioni hiyo, wenzako watakuwa wameshatua New York na kuchukua mizigo yao. Hiyo ni saa sita na dakika kumi, usiku wa kuamkia tarehe 15. Wazee wa pwani, ambao siku yao ilianza magharibi, wasingekosea hapa. Ondoka nyumbani tarehe 14 jioni, na saa tatu usiku uwe umeshafika kaunta.