Kabla hamjatoa arbuni ya nyumba ya mawe

SWALI: Mimi na mume wangu tumeonyeshwa nyumba kongwe Mji Mkongwe, Unguja. Ina ghorofa moja na vyumba vinane, na inauzwa na warithi. Ukuta wa chini umepigwa plasta ya saruji juzijuzi lakini unatoa chumvi. Juu, sakafu inabonyea ukipita karibu na ukuta wa nyuma. Dalali anasema ni rangi tu. Tuamini?
Wasomaji, Kiembesamaki

JIBU: Rangi haibonyezi sakafu. Anzeni hapo. Sakafu hiyo ya mawe na chokaa imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti huoza kwanza kichwani, pale zilipoingia ukutani. Chukueni ngazi na bisibisi, mchome kila boriti karibu na ukuta. Bisibisi ikizama bila nguvu, kichwa kimekwisha hata kama katikati bado pagumu. Kisha tafuteni maji yanakotoka: bati lililotoboka, mfereji ulioziba, au choo kilichoongezwa juu baadaye, na hicho ndicho mara nyingi chenye kosa. Boriti mbovu hubadilishwa chache chache, sakafu ikiwa imeegemezwa kwa nguzo na mbao. Fundi akishauri kumwaga zege juu ya sakafu ya zamani ili "ikaze", mkatalieni. Zege la sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita ya mraba, na boriti hizo tayari zimechoka.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa hewani. Saruji huufungia njia, basi unyevu hupanda juu zaidi, chumvi huganda ndani na chokaa ya kati ya mawe hugeuka unga. Plasta mpya ya chini tu, kwenye nyumba inayouzwa, mimi huihesabu kuwa pazia. Itabidi ibanduliwe hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Chumvi ipigwe brashi kavu, isioshwe, kwani maji huirudisha ndani. Ukuta uachwe ukauke kwa miezi, kisha upigwe chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa pwani. Pigeni tabaka nyembamba na kuzifunika magunia yenye maji siku kadhaa. Chokaa ikikauka haraka hupasuka. Juu yake chokaa ya kupaka, si rangi ya plastiki.

Kazi ya kwanza ni paa, hata kama vyumba vya chini ndivyo vinavyowaudhi.

Kuhusu karatasi: takeni hati ya mahakama ya mirathi na saini ya kila mrithi, pamoja na aliye Muscat au Dubai. Ulizeni pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kama nyumba si wakfu, maana wakfu hauuziki. Mji Mkongwe umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, hivyo kubadili dirisha, mlango au paa kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe. Kiombeni kabla ya kumleta fundi.