Barua kwa mwanangu: hadithi yako ya kurasa nne

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kikundi cha watengeneza filamu za vikaragosi kimeiomba ile hadithi yako ya babu anayengoja jahazi, na unaniuliza: wakishaigeuza, kitabaki nini chako?

Nimelala na swali hilo siku mbili. Aliyenijia ni Etgar Keret, mwandishi wa Kiebrania aliyezaliwa Ramat Gan, Israeli, mwaka 1967. Hadithi zake nyingi ni za kurasa chache tu, na husifiwa kwa Kiebrania cha mtaani, kile cha watu wanaoongea dukani na barabarani. Mimi namsoma kwa tafsiri.

Ipo moja ya mtoto anayetamani mwanasesere wa Bart Simpson, yule mtoto wa katuni za Kimarekani. Baba yake, ili amfundishe thamani ya pesa, anamletea kibubu cha umbo la nguruwe. Mtoto akinywa kakao yake asubuhi, hata yenye utando asioupenda, analipwa shekeli na kuitumbukiza humo. Kibubu kinajaa, baba anakuja na nyundo. Lakini mtoto ameshampenda yule nguruwe, amempa na jina. Anaomba siku moja tu zaidi, na usiku anamtoa nje kwa siri, anamwacha kwenye uwanja wa miiba. Basi. Asubuhi baba alisema nini, hatuambiwi. Kila nikifika hapo koo linanikaba.

Tatia Rosenthal, mwongozaji wa filamu, alianza na hadithi nyingine ya Keret, ya mke anayegandisha vitu vya nyumba kwa gundi hadi yeye mwenyewe ananing'inia darini. Hiyo ilikuwa filamu fupi ya mwaka 1998. Mwaka 2008 akatoa ndefu ya vikaragosi, iitwayo $9.99, na mtoto wa kibubu yumo. Angalia alivyofanya: hakuchukua hadithi moja akaitia maji ijaze sinema. Alikusanya kadhaa, wahusika akawafanya majirani wa jengo moja la maghorofa. Vikaragosi vile husogezwa kidogo, vikapigwa picha, vikasogezwa tena, na uzito huo wa mikono nauona unawafaa kabisa watu wa Keret.

Hadithi ya Keret iliyo ndefu kidogo, ya mwaka 1998, kuhusu mahali wanapoishi waliojiua, ilichorwa na Asaf Hanuka ikawa kitabu cha katuni, kisha mwaka 2006 Goran Dukić akaifanya filamu iliyohamia Marekani. Mimi michoro ndiyo iliyonigusa zaidi.

Lakini inayonishangaza kuliko zote ni nyumba. Ndiyo, nyumba. Mwaka 2012 msanifu majengo Jakub Szczęsny alijenga Warsaw, Poland, nyumba iliyobanwa kati ya majengo mawili, ambayo sehemu yake nyembamba kabisa ina sentimita 92. Alitaka iwe na vipimo vya hadithi za Keret: ndogo kupita kiasi, lakini isiyopungukiwa kitu. Mama yake Keret alikuwa mtoto katika mji huo, ndani ya ghetto ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, na vita vilimnyang'anya wazazi na ndugu. Nyumba inaitwa Nyumba ya Keret, na hivyo jina la familia yake limerudi pale. Hakuna sentensi hata moja ya Keret iliyonakiliwa katika kuta zile, mwanangu, na bado naiona ni tafsiri aminifu kuliko filamu zote tatu. Szczęsny alishika kipimo.

Kwa hiyo wakubalie. Wakitaka kubadili bandari, wabadili. Wakitaka mjukuu awe wa kike, sawa. Ila umeniandikia kwamba wanataka filamu imalizike jahazi likitia nanga na babu akishuka kumpokea mwanawe. Wewe ulimwacha ufukweni, taa mkononi, maji yakimfika magotini. Hapo usikubali, na liandikwe kwenye mkataba kabla hujatia sahihi.

Nisomee tena kurasa zile ukija Idi.

Mama yako