Mbu wa Jirani, Paka wa Jirani

SWALI: Jirani yangu anaishi na virusi vya UKIMWI, na madirisha yetu yanatazamana. Juzi usiku nilimponda mbu ukutani, akaacha doa la damu mbichi, nikajiuliza kama ameitoa kwake. Paka wake naye hushinda jikoni kwangu na amewahi kumparura mwanangu. Je, tuko salama? — Msomaji, Muheza.

JIBU: Ndugu msomaji, mko salama. Mbu anapouma, hutema mate kwa mrija mmoja na kufyonza damu kwa mwingine, kwa hiyo damu aliyoinywa kwa jirani haimwagwi mwilini mwako, bali huishia tumboni mwake, ambako virusi vilivyomo humeng'enywa pamoja nayo. Vimelea vya malaria, kinyume chake, hukua ndani ya mbu na kufika kwenye tezi za mate, na ndiyo maana chandarua bado unakihitaji.

Kuhusu paka, VVU huingia katika seli za kinga ziitwazo CD4 kwa kunasa kwenye vipokezi vya mwanadamu, navyo havinasi kwenye vya paka, mbwa, mbuzi wala kuku. Paka wana kirusi chao cha jamii hiyohiyo, kilichotambuliwa Marekani mwaka 1986, ambacho huambukizana hasa kwa kung'atana. Hata simba wa Serengeti wana aina yao, na hakuna binadamu anayeugua kwa sababu yake. Walio karibu nasi kwa hili ni sokwe: aina ya VVU iliyoenea duniani ilitokana na kirusi cha sokwe wa kusini-mashariki mwa Kamerun, yaelekea kupitia damu ya mawindo, na sokwe wa Gombe hapa kwetu nao wana kirusi cha namna hiyo kinachofupisha maisha yao.

Baina ya watu, VVU hupita kwa ngono isiyo na kinga, kwa damu, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa ujauzito, kujifungua au kunyonyesha. Jirani yako akimeza dawa zake kila siku hadi virusi visionekane kwenye kipimo, hata mwenzi wake hamwambukizi kwa ngono, sembuse wewe wa dirisha la pili. Wembe wa kunyolea watoto ndio usiazimane na mtu, na ukichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwingine, wahi kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, upewe dawa za kuzuia maambukizi.